Hatua Sitini Kutoka Mlangoni: Kuchagua Muziki wa Klasiki kwa Ndoa ya Kanisani

Mpwa wangu alikuja nyumbani mwezi wa Oktoba akiwa na orodha ya vipande 14 vya muziki kwenye simu yake. Ndoa ilikuwa imepangwa Desemba, mwezi ambao huku kwetu Machame, Kilimanjaro, kila aliye Dar es Salaam, Arusha au Mwanza hurudi nyumbani, na mchungaji huweza kufungisha ndoa tatu kwa Jumamosi moja. Nimepiga kinanda katika usharika wetu kwa miaka mingi, kwa hiyo alijua kwamba mzigo huo ungeniangukia hata kama asingeniomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama. Karibu."

Hakukaa hata dakika mbili. "Mjomba, mambo ya ukumbini kamati imeshayamaliza, MC amepatikana na matarumbeta yamelipiwa. Ya kanisani nimeyaleta kwako. Nataka muziki wa klasiki, tangu tunaingia mpaka tunatoka."

Niliisoma orodha yake taratibu. Ilikuwa orodha ya mtu aliyesikiliza kwa mapenzi, usiku, akiwa na spika za masikioni, na kila kipande kilikuwa kizuri. Hata hivyo nilijua kwamba zaidi ya nusu yake visingefaa, na sababu haikuwa uzuri. Muziki unaousikiliza umeketi na muziki wa kutembelea kuelekea madhabahuni, mbele ya watu 400 ambao wengi wao hawajawahi kuusikia, ni mambo mawili tofauti. Ninaandika haya kwa sababu tangu ndoa ile nimeulizwa maswali yaleyale na maharusi wengine wengi, nami ningependa wapate majibu kabla kadi hazijachapishwa.

Wa kwanza kwenye orodha ulikuwa ule ambao kila mtu anaweza kuuimba kwa mdomo bila kujua jina lake, kwaya ya arusi kutoka opera, yaani igizo la kuimbwa, ya Lohengrin ya Richard Wagner. Sikumkataza. Nilimsimulia tu hadithi yake. Opera hiyo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Weimar, Ujerumani, tarehe 28 Agosti 1850, ikiongozwa na Franz Liszt. Kwaya yenyewe inafungua sehemu ya tatu, na inapoimbwa ndoa imeshafungwa; watu wanawasindikiza maharusi chumbani, hawawapeleki kanisani. Bi harusi, Elsa, amekatazwa kumuuliza mumewe jina lake na alikotoka. Usiku huohuo anashindwa kujizuia na kuuliza. Mume anaondoka zake, na Elsa anaanguka akiwa hana uhai. Muziki huo ulipata umaarufu mkubwa baada ya kupigwa katika ndoa ya binti wa Malkia Victoria wa Uingereza, tarehe 25 Januari 1858, na tangu hapo umezunguka dunia nzima huku wengi wakiwa hawajui mwisho wa hadithi. Wapo mapadre na wachungaji wanaoukataa kwa sababu ni muziki wa jukwaa la maigizo. Mimi naona kila bi harusi ana haki ya kuambiwa unachosema, kisha aamue mwenyewe.

Mpwa wangu alinyamaza, akaiangalia simu yake. "Basi huu tuuache, mjomba. Nitakuwa natembea huku namuwaza Elsa."

Baada ya hapo nilimwambia kwamba hatungechagua kitu kingine chochote pale sebuleni. Tungekwenda kanisani kwanza, na aje na viatu vile atakavyovaa siku hiyo.

Sababu ya kusisitiza jambo hilo ninaibeba moyoni. Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kwenye ndoa katika mji mwingine, ambako familia iliamua kutumia muziki uliorekodiwa kwa sababu rekodi ilisikika vizuri kuliko kinanda cha pale. Kipande walichokichagua kilikuwa kimekatwa hadi dakika moja na nusu. Bi harusi alikuwa na gauni zito na baba yake alikuwa mzee mwenye maumivu ya goti. Walipofika katikati ya njia muziki ukaisha. Kanisa zima likawa kimya, tukasikia fimbo ya mzee ikigonga sakafu, halafu kijana wa mitambo akaubonyeza upya na muziki ukaanza tena kwa milio ya tarumbeta, kana kwamba bi harusi ndiyo kwanza anatokea mlangoni. Mama yake alikuwa ameketi mbele yangu. Niliona mabega yake yakishuka. Tangu siku ile sijawahi kumshauri mtu achague muziki wa kuingilia kabla ya kupima njia.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kanisani na futi ya fundi. Kutoka mlango mkubwa hadi ngazi ya madhabahu ni mita 24. Mpwa wangu alijifunga kanga mbili chini ili ziburuzike kama gauni, akavaa viatu vyake, akatembea. Mara ya kwanza alitembea kama anayewahi daladala. Mara ya pili nilimwomba atembee kama atakavyotembea siku yenyewe, baba yake akiwa pembeni, nami nikafuata nyuma nikiweka alama za chaki sakafuni. Hatua yake ilikuwa sentimita 40, pungufu au zaidi kidogo. Kwa hiyo njia nzima ilikuwa hatua 60. Kwa mwendo wa hatua moja kila sekunde mbili, ambao ndio mwendo wa mtu anayetaka kuonwa na ndugu zake wa pande zote mbili, hiyo ni dakika mbili kamili, bila kuhesabu kusimama.

Na kusimama lazima kuwepo. Kwetu bwana harusi hushuka kutoka mbele na kumpokea mke wake katikati ya njia, na hakuna anayejua baba atatumia muda gani kumkabidhi binti yake. Wengine hupeana mkono na kumaliza. Wengine humkumbatia mkwe wao mpaka mchungaji akohoe.

Hapo ndipo nilipomwonyesha kipande cha tano kwenye orodha yake, Kanoni ya Johann Pachelbel, ambacho wengi hukipenda kwa utamu wake na mimi nakipenda zaidi kwa jinsi kilivyojengwa. Pachelbel alizaliwa Nuremberg mwaka 1653 na kufariki hukohuko mwaka 1706. Alikiandika kwa ajili ya fidla tatu na sauti ya chini. Sauti ya chini ina noti nane tu, na tangu mwanzo hadi mwisho haifanyi kitu kingine isipokuwa kuzirudia noti hizo mara 28. Kwa solfa, ambazo kila mwanakwaya wa Tanzania amezisoma ubaoni, noti zenyewe ni hizi: d s l m f d f s. Juu yake fidla ya kwanza inashuka m r d t l s l t, ya pili inaingia nyuma yake kwa noti zilezile, kisha ya tatu, kama watoto wanaofuatana njiani kwenda kisimani.

Faida yake kwa mpiga kinanda wa ndoa ni kubwa. Kila mzunguko una mapigo manane. Ukipiga pigo moja kwa sekunde, na bi harusi akapiga hatua moja kwa mapigo mawili, kila mzunguko unabeba hatua nne, na hatua 60 zinakuwa mizunguko 15. Baba akichelewa katikati, unaendelea na mzunguko mwingine na hakuna atakayejua. Wakiwahi, unasubiri ile s ya mwisho, unaishusha kwenye d, na muziki umekwisha kwa heshima, haujakatwa. Vipande vingi vizuri havina huruma ya namna hiyo. Vina safari yao, vinapanda kilele chao dakika ya tatu, na bi harusi aliyefika mapema hulazimika kusimama mbele ya madhabahu akisubiri muziki umalize mambo yake.

Niseme pia kwamba sifa ya kipande hiki katika ndoa ni changa kuliko watu wanavyodhani. Kilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1919, na kilianza kupendwa na watu wengi baada ya rekodi ya Jean-François Paillard wa Ufaransa mwaka 1968. Kanisa letu lilikuwa limeshafungisha ndoa kwa miongo kadhaa kabla ya hapo. Simwambii mtu hili ili kumvunja moyo. Namwambia ili ajue kwamba yeye pia anaruhusiwa kuingiza kitu kipya katika desturi.

Tulipokuwa tukifanya mazoezi, mama yangu mzazi, yaani bibi yake bi harusi, alikuwa ameketi benchi la pili akitusubiri tumrudishe nyumbani. Alisikiliza Kanoni mara tatu bila kusema neno. Tulipomaliza akauliza, "Ni mzuri. Maneno yake yako wapi?"

Mpwa wangu akamjibu kwa upole kwamba hauna maneno, ni wa ala tupu.

"Sasa mimi nitaombea nini?"

Swali hilo lilinikaa kichwani wiki nzima, na nadhani ndilo swali kubwa kuliko yote kwa mtu anayepeleka muziki wa klasiki katika ibada yetu. Kwetu wimbo ni maneno. Mama yangu amebatizwa, ameolewa na amezika mume kwa nyimbo ambazo anaweza kuzisema beti zote bila kitabu. Kumkalisha kanisani siku ya ndoa ya mjukuu wake na kumpigia vipande vitano ambavyo havimwambii lolote ni sawa na kumwalika mgeni halafu mkazungumza lugha asiyoijua mbele yake.

Jibu nililipata katika historia yetu wenyewe. Johann Sebastian Bach aliongoza muziki katika Kanisa la Mtakatifu Thoma mjini Leipzig tangu mwaka 1723 hadi alipofariki mwaka 1750, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuzichukua nyimbo ambazo waumini wa Kilutheri walikuwa tayari wanazijua na kuzizungushia muziki mwingine. Wamisionari wa Kilutheri walioanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, wakiwa na Machame miongoni mwa vituo vyao vya mwanzo, walitumwa na Misioni ya Leipzig, kutoka mji huohuo. Walikuja na nyimbo zilezile mikononi. Zikatafsiriwa kwa Kichaga na kwa Kiswahili, zikaimbwa chini ya migomba, zikaingia katika kitabu chetu cha nyimbo. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba Bach ni mgeni kwetu hajatazama vizuri. Noti ambazo Bach alizifanyia kazi ziko kinywani mwa mama yangu, asiyemjua kwa jina.

Wimbo niliouchagua ni ule ambao kwa Kijerumani unaanza kwa maneno *Wachet auf*, yaani amkeni. Aliuandika mchungaji Philipp Nicolai, maneno na tuni, na kuuchapisha mwaka 1599, baada ya tauni iliyowaua watu wengi katika mji wake wa Unna. Unasimulia mfano wa wanawali kumi katika Mathayo sura ya 25: usiku wa manane, walinzi wanapaza sauti kwamba bwana harusi anakuja, tokeni mkamlaki. Bach aliujengea kantata, yaani mfululizo wa nyimbo za kwaya na ala, iliyoimbwa Leipzig tarehe 25 Novemba 1731, na baadaye akaigeuza sehemu yake ya katikati kuwa kipande cha kinanda. Katika kipande hicho mkono wa kulia unapiga tuni nyepesi yenye mwendo wa kucheza, na inapokuwa imezoeleka, wimbo wa kanisa unaingia chini yake kwa noti ndefu, mstari mmoja mmoja, bila haraka.

Nilikwenda na kinanda kidogo nyumbani kwa mama, nikampigia sebuleni. Tuni ya juu aliisikiliza kama alivyoisikiliza Kanoni. Wimbo ulipoingia aliinua kichwa. Mstari wa pili alikuwa ameshaanza kuufuata kwa Kichaga, kwa sauti ya ndani, akisubiri pale ninaposubiri na kuingia pale ninapoingia. Alipomaliza ubeti akasema, "Huu ni wa Majilio." Ndiyo, Majilio ni majuma ya kungoja Krismasi, na ndoa yenyewe ilikuwa Desemba. Tukakubaliana kwamba bwana harusi angeingia na wasimamizi wake kwa wimbo huo, na mchungaji, ambaye tulimpelekea orodha nzima kwa maandishi kama inavyotakiwa, alifurahi kiasi cha kuomba somo la siku hiyo liwe lilelile la wanawali.

Kwa maharusi Wakatoliki njia ni tofauti kidogo, ingawa hoja ni hiyohiyo. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu liturujia, ya mwaka 1963, inakipa kinanda cha mabomba heshima kubwa, lakini inataka muziki uitumikie ibada. Wengi huomba *Ave Maria* ya Franz Schubert. Ni vyema wajue kwamba Schubert aliitunga mwaka 1825 kwa maneno yaliyotafsiriwa kutoka shairi la Walter Scott, sala ya msichana aliye mafichoni; maneno ya Kilatini ya Salamu Maria yalipachikwa baadaye. Ile nyingine, ambayo Charles Gounod aliiweka juu ya utangulizi wa Bach wa mwaka 1722, kipande kifupi cha kinanda, nayo inahitaji mwimbaji wa pekee mwenye pumzi ndefu. Muulizeni padre mapema, maana mahali pa wimbo huo katika Misa hupangwa naye.

Kusaini cheti cha ndoa hakukutuchukulia muda kupanga. Watu wanapiga picha, wazee wa kanisa wanatafuta kalamu, hakuna anayesikiliza kwa makini, na hapo ndipo pa kumpa nafasi mwanafunzi. Kijana mmoja ninayemfundisha alipewa utangulizi huohuo wa Bach, bila sauti ya Gounod juu yake. Ni mfupi, unatiririka, na unaweza kurudiwa hadi saini ya mwisho. Nilimkumbusha jambo moja tu, ambalo nawakumbusha wapiga vinanda wote: zima kitufe cha mapigo. Vinanda vyetu vya umeme vina ngoma ndani yake, na Bach hazihitaji.

Kutoka kulihitaji mazungumzo. Mpwa wangu alitaka maandamano ya arusi ya Felix Mendelssohn, aliyoyatunga mwaka 1842 kwa ajili ya tamthilia ya Shakespeare, na hapo nilikubaliana naye mara moja. Hadithi yake inaishia kwa ndoa njema, na mwendo wake ni wa haraka, wa watu waliomaliza jambo na kulifurahia. Kuingia nao ni makosa; kutoka nao ni sahihi. Tatizo lilikuwa matarumbeta. Kikundi kilikuwa kimeambiwa kianze maharusi watakapotokea mlangoni, nami nilijua kwamba wangeanza wakiwa na ufunguo wao na mimi na wangu, na vigelegele juu yake, mpaka pasisikike Mendelssohn wala matarumbeta. Nilimtafuta kiongozi wao, mzee mwenye tuba iliyobonyea pembeni, tukapatana: nitapiga mpaka mguu wa bi harusi uvuke kizingiti, nitanyamaza, naye atahesabu mpaka nne ndipo aanze. Alinitaka nimpungie kitambaa. Nilimpa kijana leso nyeupe, nikamsimamisha pale mlangoni.

Siku yenyewe bwana harusi aliingia, na mstari wa pili wa wimbo ulipofika nilisikia sauti kutoka mabenchi ya mbele, si ya mama peke yake. Wazee wa umri wake walikuwa wakiimba kwa Kichaga huku wameketi, chini chini, kila mmoja kwa pumzi yake. Sikuwa nimewaomba. Nilipunguza sauti ya juu ili wasikike.

Kisha mlango ukafunguliwa tena. Mwimbaji mmoja wa besi alikuwa amesimama karibu yangu akihesabu mizunguko kwa vidole, kama tulivyopatana. Kwa mzunguko wa saba bi harusi na baba yake walikuwa wamefika katikati, na makabidhiano yakachukua mizunguko mitatu. Walipoanza tena, sasa akiwa na mume wake, walipita karibu na benchi la pili, na mama akasimama. Haikuwa katika ratiba. Alimshika mjukuu wake mkono wa kushoto kwa mikono yake miwili na kumwambia jambo. Wapiga picha wakasogea. Mchungaji akasubiri. Mimi nikaendelea: d s l m f d f s, na tena, na tena. Mwimbaji wa besi alimaliza vidole vya mikono yote miwili kwa mara ya pili, akaanza upya. Kwenye mzunguko wa 23 mama aliuachia mkono, wakapanda ngazi, nikaishusha s kwenye d na kuondoa vidole.